Mto Nyuma ya Mimbari

Jumamosi ile niliitwa kanisani nije na rola moja na ndoo mbili za rangi nyeupe, nifute mto. Ndivyo mzee Musyimi alivyoniambia kwenye simu, bila salamu ndefu: "Fundi, kuja na rangi nyeupe. Kuna mto hapa inatakiwa itoke kabla ya kesho." Nikamuuliza mto gani, akasema nije nitaona.

Jina langu ni Kilonzo. Mimi ni fundi wa plasta na rangi, na upande huu wa Kathonzweni hakuna kuta nyingi ambazo mkono wangu haujapita. Nikiitwa huwa siulizi sana. Watu hudhani ukuta ni ukuta tu, na mimi nimechoka kuwaeleza, kwa hiyo nafanya kazi yangu narudi nyumbani. Siku hiyo ingekuwa heri kama ningeuliza, maana ningepata muda wa kujiandaa.

Aliyeuchora mto huo ni Ndila, binti Wavinya, na mtu asiyemjua Ndila hawezi kuelewa kilichotokea. Basi nianze na yeye, rola ingoje.

Tulisoma darasa moja, na nyumba zetu zilitazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto Kyambuu. Mtu wa mbali akisikia neno mto hufikiria maji yanayokimbia. Wetu haukuwa hivyo. Maji yalipita juu siku chache kwa mwaka, mvua ikinyesha, kisha yakazama, na kilichobaki kilikuwa mchanga, mweupe, mpana kama kiwanja cha mpira. Maji yalikuwa chini. Ulichimba kwa mikono na kibuyu mpaka shimo likufike kiunoni, halafu ukaketi ukayasubiri yaje yenyewe, yamechujika, baridi. Kila nyumba ilikuwa na kisima chake pale mchangani, kimezungushiwa matawi ya miiba ili punda wasiingie, na kila nyumba ilikijua cha jirani kama unavyojua mlango wa jirani. Ulichota kibuyu kimoja, ukangoja, ukachota kingine. Haba na haba mpaka mtungi ujae, na hakuna aliyeweza kuyaharakisha.

Sisi wengine tulipokuwa tukingoja tulirushiana mchanga. Ndila alichora. Mchanga wa kando ya kisima una unyevu, unashika alama ya kidole vizuri kuliko daftari lolote tulilokuwa nalo. Alichora punda aliyesimama mbele yake, pamoja na kovu la begani lililotokana na mzigo. Alichora mkono wa mama yake umeshika kibuyu. Kisha mtu akapita na mtungi, akakanyaga, ikaisha. Ndila hakulalamika, alianza nyingine.

Mimi nilikanyaga moja kwa makusudi. Ilikuwa jogoo, na ilikuwa nzuri mno, na nilikuwa mtoto wa miaka tisa mwenye roho mbaya. Ndila alinitazama mguu, si uso, halafu akainama akachora mguu wangu, na ufa wa kisigino ndani yake. Nilikasirika siku nzima. Sikuwa na viatu, na nilidhani hakuna aliyeuona ufa ule.

Rangi alizipata kwa mama yake. Wavinya alikuwa mtu wa Nuu, aliolewa huku kwetu, na alikuja na ujuzi wake wa kutia rangi katani ya kusukia vyondo, vikapu vya huku. Hakununua rangi ya dukani hata siku moja. Alichemsha gome la mgunga akapata kahawia, alizika nyuzi kwenye matope meusi ya bwawani akapata nyeusi isiyotoka hata ukiifua kwa hasira. Ndila ndiye aliyetumwa kuleta magome, na mama yake alimfunza kubandua upande mmoja tu wa mti, mwaka mwingine upande mwingine, ili mti usife. Alijua rangi kabla ya kujua majina ya rangi. Mwalimu alipomuuliza udongo una rangi gani, alijibu udongo wa wapi, akachapwa kwa kiburi. Mimi niliona haki yake kuchapwa, wakati huo.

Aliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya karo, akapelekwa Kitui mjini kukaa na shangazi yake aliyeuza chai. Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana ya mzee Abdulkadir, mwandishi wa vibao, ambaye babu yake alitoka pwani na kuoa hapo hapo Kitui. Ndila alimpelekea chai kila asubuhi. Siku moja akamkuta anamalizia mbuzi kwenye kibao cha bucha, akaweka kikombe chini, akasema kwa adabu kwamba yule mbuzi ana masikio ya kondoo.

Mzee mwingine angemfukuza pamoja na kikombe chake. Abdulkadir alimpa burashi. "Haya, mwanangu, nionyeshe ya mbuzi yakaaje," alimwambia. Ndila akayachora. Mzee akayatazama, akanywa chai yake, akamwambia arudi kesho bila chai.

Kwa mwaka mzima hakumruhusu kuchora kitu chenye miguu. Herufi tu. Herufi kubwa, herufi ndogo, herufi za kulala, mpaka shangazi akaanza kusema msichana ameenda kufunzwa kusoma upya. Abdulkadir alimwambia mtu asiyeweza kuvuta mstari mmoja bila kutetemeka hana haki ya kugusa mbuzi wa Mungu. Nampenda mzee huyo ingawa nilimwona mara moja tu. Watu wa kazi za mikono tunatambuana.

Alimfunza pia jambo ambalo mimi mwenyewe, na miaka yangu yote, sikuwa nimeliwekea akili. Jua la huku hula nyekundu kwanza. Ukiandika duka kwa nyekundu na nyeusi, baada ya miaka miwili mitatu nyekundu imekwenda, inabaki nyeusi peke yake kama mjane. Abdulkadir alilichukulia hilo kama mapenzi ya Mungu. Ndila hakulichukulia hivyo. Alifikiri: mlima wa nyuma ya kwetu ni mwekundu, na jua limekuwa juu yake tangu dunia iumbwe, na haujafifia. Alipokuja nyumbani Krismasi alichimba udongo wa mlima, akautia kwenye pakiti ya unga, akarudi nao Kitui. Akauchekecha kwa kichungi cha chai cha Zulekha, mke wa mzee, na Zulekha alimsema wiki nzima. Akachanganya na gundi ya mbao, akapaka mlango wa nyuma wa karakana. Miaka mitatu baadaye vibao vya mbele vyote vilikuwa vimefifia, na mlango wa nyuma ulikuwa mwekundu vilevile.

Kuanzia hapo hakurudi nyuma. Manjano aliipata kwenye udongo wa ukingo wa mto, nyeusi kwenye mkaa, kijivu kwenye majivu. Akitembea alitembea ameinama. Abdulkadir alisema msichana huyu ukimpeleka harusini atarudi na mchanga mfukoni, na ni kweli, alirudi nao.

Kisha zikaja mashine za kuchapisha mabango. Mtu akitaka mbuzi alichagua picha kwenye kompyuta, na baada ya saa moja akaenda zake na mbuzi wake wa plastiki. Mzee Abdulkadir aliyaona hayo, akafunga karakana kwa heshima, akampa Ndila sanduku la bati lenye burashi zake zote. Ndila akarudi nyumbani na sanduku hilo na binti yake Mwende aliyemzaa huko, na huku kwetu akajulikana kama Mama Mwende anayechora ukutani. Alichora kinu cha kusaga, saluni, kliniki ya mifugo. Alipochora ng'ombe kwenye bucha ya sokoni, mzee mmoja, Nyamai, alikuja akasimama mbele ya ukuta, akasema ng'ombe ule ni wake na hajauza. Akaonyesha pembe iliyopinda. Ndila akakubali kwamba ndiye, alimwona njiani akampenda. Ilibidi mwenye bucha ampe Nyamai kilo moja ya nyama ili atulie. Watu walicheka mwezi mzima, na nadhani Nyamai alirudi kila wiki kumtazama ng'ombe wake.

Lakini hizo zote zilikuwa kazi za watu. Mtu alitaka ng'ombe, akapewa ng'ombe. Mwenyewe Ndila aliniambia mara moja, tukiwa tumekaa juu ya jukwaa la mbao, mimi nikipiga plasta upande huu na yeye akipaka upande ule: "Kilonzo, mimi bado sijachora kitu yangu." Nikamwambia avute subira.

Miaka ile aliyokuwa Kitui, mto wetu uliondoka. Nitalifikia hilo. Si jambo ninalolikimbilia.

Kanisa letu hubatiza kwa kuzamisha. Zamani tulingoja mvua, maji yakapita juu ya mchanga, tukabatizwa Kyambuu siku hizo mbili tatu. Mto ulipoondoka, wazee walijenga tangi la saruji mbele ya kanisa, kando ya mimbari, nalo hujazwa na lori la maji. Mwaka jana alikuja mchungaji mpya, Pasta Muli, mtu wa Nunguni, kijana mpole, anayehubiri vizuri na haraka. Aliona tangi lile limekaa kama birika la mifugo, akasema ukuta wa nyuma yake uchorwe mto Yordani, ili anayebatizwa ajione yuko Yordani. Wazo zuri. Halmashauri ya kanisa ikamwita Ndila.

Alifanya kazi wiki tatu nyuma ya turubai. Hakumruhusu mtu kuchungulia. Ibada iliendelea Jumapili mbili na turubai likining'inia, na mchungaji akatania kwamba Yordani umefunikwa kama sanduku la agano. Uzinduzi ulipangwa Jumapili ya tatu, na watu tisa walikuwa wabatizwe siku hiyo. Jumamosi asubuhi Ndila akateremsha turubai mbele ya Pasta Muli na mzee Musyimi, mwenyekiti wa maendeleo ya kanisa. Adhuhuri mimi nikapigiwa simu.

Nilipoingia nilimkuta Ndila ameketi kwenye benchi la mbele, mikono mapajani, sanduku la bati miguuni. Hakugeuka. Pasta Muli alikuwa amesimama kando ya tangi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuwa na haki bila kuumiza.

"Fundi, karibu," alisema. "Tumekuwa na kutoelewana kidogo. Mimi nilisema Yordani. Yordani iko na maji. Bwana Yesu alibatizwa kwa maji, si kwa mchanga."

"Pasta, sijui mto ingine," Ndila alisema kutoka kwenye benchi. Alisema polepole, bila ubishi. "Nimejaribu. Nilichora ile ya maji nikaona ni picha ya kalenda. Nikaifuta, nikachora yenye najua."

"Nakuelewa, Mama Mwende. Lakini mtu akikaa hapa nyuma anaona jangwa."

Musyimi alikuwa amesimama karibu na mlango, simu mkononi, akitazama sakafu. "Fundi, weka nyeupe," aliniambia. "Jumatatu tutatafuta mtu wa kuchora maji."

Nikaweka ndoo chini, nikainua macho kwa mara ya kwanza.

Ulikuwa Kyambuu. Si mfano wake, ni wenyewe, pale unapokata kona chini ya mgunga ulioinama. Mchanga haukuwa rangi moja: ulikuwa mweupe pale juani, wa majivu kivulini, na wa manjano hafifu kule maji yalikopita mwisho. Ukingo ulikuwa mwekundu wa mlima wa nyuma ya kwao. Na mchangani, kuanzia kona hadi kwenye jiwe kubwa, kulikuwa na visima kumi na kimoja, kila kimoja na uzio wake wa miiba na kibuyu chake kimefudikizwa ukingoni. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Nilikuwa sijauona mto huo kwa miaka kumi na minane, na nilijua vizuri kwa nini.

Nikaenda nikaketi kando ya Ndila, na rola mkononi.

"Wakifuta hii, Kilonzo," aliniambia kwa sauti ya chini, "hakuna mahali ingine iko. Hakuna mtu alipiga picha. Nani angepiga picha ya mchanga?"

"Utachora tena."

"Nimeanza kusahau. Kisima ya tano nimekumbuka baada ya siku nne."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama na kusema niliyoyajua. Sikusimama. Nilifungua ndoo, nikakoroga rangi kwa kijiti, nikakoroga tena. Rangi ile haikuhitaji kukorogwa hivyo, hata anayejifunza kazi angeniona.

Wamama wa kufagia ndio walioniokoa. Kila Jumamosi alasiri wanakuja kusafisha kanisa kwa ajili ya Jumapili, na wiki hiyo zamu ilikuwa ya Kavindu na wenzake wanne. Waliingia na mafagio na ndoo, wakiongea. Kavindu alikuwa mbele. Akafika katikati ya kanisa, akanyamaza, na wenzake wakamgonga mgongoni.

"Asi," Kavindu alishangaa. Akaweka ndoo chini. "Hiyo si ya kwetu?"

Akaenda mpaka ukutani. Alikuwa anaonyesha kisima cha tatu. "Hii ni ya kwetu. Ona miiba. Baba alikuwa anaweka matawi mawili mawili, alikuwa anaogopa mbuzi ya kina Ndolo."

"Na kina Ndolo ni hawa," alisema mwingine. "Hawakuwa wanaweka miiba kabisa. Walikuwa wavivu."

"Kisima ya kina Mulinge haikuwa hapo, lakini. Ilikuwa juu kidogo."

"Ilihama mwaka wa Elinino," Ndila alisema kutoka kwenye benchi. "Mto ilikuja ikafunika ya zamani. Wakachimba hapo."

Yule mama akafikiria. "Ni kweli," akasema. "Ni kweli, walihama."

Wakasahau mafagio. Walikuwa wakisoma ukuta ule kama mtu anavyosoma majina kwenye daftari la shule, nyumba kwa nyumba, wakibishana, wakisahihishana, wakicheka juu ya fulani aliyetumbukia kisimani mwa mwenzake akamaliza maji ya siku nzima kwa nguo zake. Pasta Muli aliwafuata kwa macho kutoka kisima hadi kisima. Niliona kwamba yeye hakuona kitu ila miiba. Kwao Nunguni maji hupiga kelele yakipita, huyatafuti. Asiyejua maana haambiwi maana, wanasema, lakini kijana huyu aliuliza, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

"Mama Kavindu," alisema, "nionyesheni maji iko wapi."

Kavindu akamwita kwa kidole. Akaweka kidole hicho hicho ndani ya kisima cha kwao. Pale chini, mahali ambapo mtu wa mbali angeona doa jeusi tu, Ndila alikuwa amechora duara la maji, dogo kama sahani ya kikombe, na ndani yake kipande cha wingu. Kila kisima kilikuwa na lake. Visima kumi na kimoja, mawingu kumi na moja.

Mchungaji aliinama akatazama kisima kimoja, kisha cha pili. "Ni kidogo sana," alisema.

"Unangoja, Pasta," Kavindu alimwambia. "Unachota hii, unangoja, inajaa."

Ndipo Musyimi alipotoka mlangoni. Ni mtu mkubwa, anatembea kwa kishindo, lakini safari hiyo alitembea kama anayeingia kwa mgonjwa.

"Yetu iko?" aliuliza.

"Iko, mzee," Ndila alisema. Akainuka, akaenda naye. "Chini ya mgunga."

Kilikuwa cha mwisho kwenye kona. Kando yake palikuwa na kibuyu kilichopasuka na kushonwa, kama wamama walivyokuwa wakishona vibuyu siku hizo, na uzi wa mshono ulikuwa wa bluu. Katika ukuta mzima, mita nne kwa tatu, bluu ilikuwa hapo tu.

"Mama alishona na waya," Musyimi alisema.

"Ya redio," Ndila alisema. "Redio yenu ilikufa, akatoa waya."

Musyimi alikuwa ameshikilia simu yake kwa mikono miwili kama kofia. Nikajua anachokiona, kwa sababu nami nilikuwa nakiona. Nikaweka kijiti chini, nikasimama. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha miaka kumi na minane.

"Ndila," nikasema, "hapo ndipo tulianza."

Akanigeukia.

Nikamweleza, mbele ya mchungaji na wamama wote. Yeye alipokuwa Kitui, zilikuja lori za mchanga. Watu wa Nairobi walijenga, mchanga wetu ulikuwa msafi, na Musyimi alikuwa na lori. Mimi nilikuwa kijana wa kupakia. Kila nyumba ilikuwa na kisima chake, kwa hiyo ilibidi kuanzia pahali ambapo mwenyewe hatapiga kelele, na Musyimi akasema tuanzie kwa mama yake, kwa kuwa mama alikuwa amekwisha kufa na pale ni pake. Tulichimba chini ya mgunga siku ya kwanza. Kibuyu kile kilichoshonwa kilikuwa bado pale. Nilikitupa kando kwa spedi. Baada ya hapo jirani naye akauza, kisha jirani wa jirani, na wote tulijua tunachofanya, na hakuna aliyeacha. Kaunti ilipokuja kukataza, tulikuwa tumefika mwambani. Maji yakimwagika hayazoleki, na mchanga ni vivyo hivyo. Mvua ikinyesha sasa maji hupita juu ya mwamba kwa saa mbili, yakaenda zake.

Wamama walijua haya yote. Wengi waume zao walipakia pamoja nami. Kavindu alikuwa akiitazama ncha ya fagio lake.

"Kuna kitu ingine," nikasema. "Mwaka huo kanisa ilikuwa inajengwa. Mzee alitoa mchanga wa kuta zote. Sadaka. Ilitoka hapo, chini ya mgunga, lori za kwanza kabisa. Mimi ndiye nilichekecha. Mimi ndiye nilipiga plasta ya ukuta hii."

Ndila alinitazama uso safari hii, si mguu. Niliona aibu niliyoiona nikiwa na miaka tisa, na nilitamani aniambie neno lolote, hata tusi. Alirudi ukutani, akachuchumaa. Chini kabisa, juu tu ya sakafu, kulikuwa na sehemu ambayo hakuwa ameimaliza, ukanda wa plasta tupu wenye upana wa kiganja, pale ambapo mchanga wa picha ulipaswa kuendelea. Akaweka kiganja hapo. Akaisugua plasta, akatazama chembe zilizobaki kwenye vidole vyake, akazisogeza mwangani kama alivyofanya na udongo maisha yake yote.

"Ni yenyewe," alisema.

Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepanga kazi ya kesho: "Kumbe ilikuwa hapa. Mimi nimepaka rangi tu."

Musyimi alivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Fundi," akaniambia bila kugeuka, "rola rudisha nyumbani." Halafu akamtazama mchungaji, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue mzee huyo aliomba badala ya kuagiza. "Kama Pasta anakubali."

Pasta Muli alisema kesho kuna watu tisa wa kubatizwa, na yeye angependa Mama Kavindu awaeleze picha kabla hawajaingia majini. Kavindu akasema yeye si mhubiri. Mchungaji akamwambia hajaomba mahubiri, ameomba amwambie kila mmoja kisima cha kwao ni kipi. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili. Watu tisa waliingia tangini mmoja mmoja, na kabla ya kuzama kila mmoja aligeuka kwanza akakitafuta cha kwao.

Ndila alirudi Jumatatu kumalizia. Alirekebisha tawi moja la kina Mulinge, akaongeza unyayo mmoja wa mtoto karibu na jiwe kubwa, na kwenye kisigino akaweka ufa. Ule ukanda wa chini hakuugusa. Mimi sipendi plasta tupu, na kwa ukuta mwingine wowote ningeona haya kuiacha hivyo, lakini nilipanguza vumbi nikaiacha. Wageni wakija kanisani huniuliza mbona fundi mzima nilishindwa kumaliza kipande kidogo vile. Ninawaambia wainame washike, huo ndio mchanga wa Kyambuu uliobaki.